Vidonge vya Ikram

Mashavu wa Kwedizinga hakukanyaga darasa, lakini kidonge cha mwanawe hakijachelewa hata siku moja. Adhana ya alfajiri, kidonge. Ya adhuhuri, kidonge. Ya isha, kidonge. Ikram, bintiye wa miaka saba, ana presha ya mapafu. Mishipa imebana kama mfereji uliozibwa na tope, daktari alimwambia, na moyo unachoka kusukuma damu. Zamani mtoto akitembea hadi kisimani tu, midomo iligeuka zambarau. Baba yake, Sharifu, aliitazama midomo ile, akasema huyu hafiki mavuno, akahamia kwa mke mwingine Mombo. Mashavu hajasahau, wala hana mpango wa kusahau.

Juzi vidonge vilibaki vya siku mbili. Akaenda Korogwe, akaweka cheti cha daktari mbele ya muuza dawa. Kijana akacheka.

"Mama, hizi wanakunywa wazee wanaotafuta ujana chumbani."

"Soma umri hapo. Mzee wa miaka saba umemwona wapi?"

Kijana akasoma tena, akaona haya. "Nisamehe mama. Kweli, dawa ni hiyohiyo. Inafungua mishipa, hata ya mapafu."

Tatizo ni jirani wa Mashavu, Mwanaisha, aliyekuja kununua dawa ya kikohozi. Alisikia maneno ya mwanzo, akatoka mbio kuwahi gari, na usiku habari ikawa imefika Mombo.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Sharifu huyo uani.

"Unamnywesha mwanamume gani dawa ndani ya nyumba yangu? Zilete nikazitupe chooni!"

Mashavu alikuwa anapepeta mahindi. Pakiti ilikuwa kwenye pindo la kanga yake, akalikaza fundo.

"Nyumba yako iko Mombo. Ikram! Mletee baba yako kigoda."

Ikram akachomoka jikoni, kigoda kichwani, akavuka uwanja mzima mbio.

"Shikamoo, baba."

Hakuhema. Midomo yake ilikuwa na rangi ya midomo. Sharifu alimtazama mpaka akasahau kuitikia.

"Mwanamume ninayemnywesha ndiye huyo," Mashavu akasema. Nyuma ya ua, Mwanaisha akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo.

Adhana ikalia. Mashavu akafungua pindo, akatoa kidonge, akamkabidhi Sharifu kikombe cha maji.

"Mshikie mwanao, usimwage. Haya ni mavuno yake ya tatu tangu uondoke."