Mutai, Paka wa Najma na Mafuta ya Mwani

Mutai hali samaki. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanilaumu nikicheka. Amezaliwa Bomet, amelelewa kwa maziwa, na siku ya kwanza nilipokaanga omena, wale dagaa wa ziwani kwetu, katika jiko letu hapa mtaa wa Najma alifungua madirisha yote, joto la Doha likaingia lote, naye akasema heri joto. Mimi ni Omondi, mtu wa Homa Bay, fundi wa AC. Tumekaa chumba kimoja miaka minne na nampenda kama ndugu, ila kwa mambo ya samaki mtu huyu hana akili.

Sasa angalia kazi aliyopata. Nje ya jiji kuna kampuni ndogo inayofuga samoni, samaki wa nchi za baridi, ndani ya jumba, kwenye matangi ya maji baridi. Mutai huvaa sweta mbili kazini wakati huku nje lami inayeyuka. Kazi yake ni kuandaa chakula. Punje huja zikiwa kavu. Yeye huzitia kwenye mashine inayozunguka kama ile ya kuchanganyia zege, kisha huzimwagia mafuta ya samaki yaliyopashwa moto. Mafuta hayo yalimwingia kwenye nywele, kwenye kucha, nadhani mpaka kwenye pasipoti. Alioga kwa ndimu, akaoga kwa sabuni ya kufulia, wapi! Paka wa Najma wote walimjua. Alipokuwa akishuka kwenye basi la kampuni saa kumi jioni, wanane au tisa walimsindikiza hadi mlangoni, mikia juu, na majirani wakatoka kutazama.

Mimi harufu ile haikunisumbua, ilinikumbusha nyumbani. Lakini Mutai alikuwa na shida nyingine, na shida hiyo iliitwa Rael.

Rael ni muuguzi, na ndiye anayeongoza kwaya yetu katika kanisa la kule Mesaimeer tunakosali Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko hapa. Mutai huimba besi, besi nzito ya kutikisa viti, na kwa mwaka mzima alikuwa akijipanga kumwalika Rael chai. Kisha Ijumaa moja akasimama chini ya AC. Angeniuliza mimi fundi, ningemwonya. Upepo uliichukua ile harufu ukaigawia kanisa zima. Ijumaa iliyofuata Rael akamwambia asimame nyuma kabisa, karibu na mlango. Mutai akatii. Tuliporudi Najma akavua viatu vyake mlangoni.

"Nimewekwa mlangoni kama viatu," akasema. "Omondi, simsogelei yule dada mpaka harufu iishe."

Nilimwambia aache upuzi. Hakuacha.

Mwezi uliofuata akaja pale kazini Virginia, mtaalamu wa chakula cha samaki, Mnyeri mwenye maneno machache, naye husali Mesaimeer. Alikuja na mitungi ya mafuta ya rangi ya machungwa ambayo hayakunuka samaki hata kidogo. Yametoka kwa mwani, si ule mrefu wa baharini, bali mdogo usioonekana kwa macho, ndugu wa ule ukijani unaoota kwenye tangi la maji. Alimweleza Mutai kwamba yale mafuta mazuri yanayosifiwa ndani ya samaki hayatoki kwa samaki mwenyewe. Samaki mkubwa huyapata kwa mdogo, naye mdogo huyapata kwa mwani. Kwa hiyo wamfuate mwani mwenyewe, wawaache wale wadogo baharini.

Mutai aliponisimulia nilipiga makofi. Kwetu omena husagwa kwa magunia kulisha kuku na samaki wa kufugwa, huku mama yangu akiuziwa kikombe kidogo kwa bei ya kikubwa. Mutai hakuwa na habari na omena wangu. Yeye alisikia jambo moja tu, kwamba mafuta haya hayanuki.

Yakafanywa majaribio ya miezi mitatu. Tangi la kwanza mafuta ya samaki, tangi la pili mafuta ya mwani, chakula kilekile, uzito uleule, kikipimwa kwa mizani kila asubuhi. Samoni wa tangi la pili wakikua sawa na wenzao, kampuni ingeacha mafuta ya samaki kabisa.

Walikua. Walikua mpaka wakawapita wenzao. Virginia, ambaye hacheki ovyo, alicheka. Akamwita Mutai ofisini amwonyeshe ripoti, na jina la Mutai limo, kwa shukrani.

"Madam, usiitume," Mutai akasema.

"Kuna nini?"

"Hao wa tangi la pili nimekuwa nikiwaongezea. Kiganja kimoja, kila asubuhi, baada ya kupima."

Virginia akaweka kalamu chini. "Mutai, kwa nini?"

"Nanuka, madam." Akamwambia yote, paka, AC, mlango wa kanisa, na jina la Rael akalitaja.

Niliposikia nilikasirika. Rafiki yangu alikuwa ameshashinda, akaenda kujishtaki mwenyewe! Nilimuuliza kama ana wazimu. Akanijibu kwamba aliliona jina lake limeandikwa pale, akalionea aibu.

Virginia alimwandikia barua ya onyo, akaitupilia mbali kazi ya miezi mitatu, wakaanza upya. Mutai mwenyewe ndiye aliyeomba mtu mwingine alishe tangi la pili. Miezi mitatu mingine ya mafuta ya samaki, na ilikuwa Juni. Mnaijua Juni ya hapa, joto huzidisha kila harufu. Paka wakaongezeka.

Mwisho wakawapima samoni mmoja mmoja. Matangi yote mawili yalikuwa sawa, tofauti haikufika hata gramu za kuzungumzia.

"Umeona?" Virginia akamwambia. "Ulikuwa unawasaidia watu ambao hawakuomba msaada."

Kampuni ikabadilisha mafuta. Kufikia Oktoba Mutai alikuwa ananukia kama mtu yeyote, na kituoni alisalia paka mmoja, yule mwekundu mwenye sikio lililokatika, nadhani kwa mazoea tu. Ijumaa ikafika. Mutai akapiga pasi shati mara mbili, akaingia kanisani, akaenda moja kwa moja kusimama katikati ya kwaya, nyuma ya Rael.

Rael akageuka. "Wewe, rudi mlangoni."

Mutai akasema polepole, "Lakini sinuki tena."

"Nani aliongea habari ya kunuka? Mimi nashinda na wagonjwa, Mutai, samaki atanitisha? Hiyo sauti yako inawameza soprano wangu wote. Ukiwa pale mlangoni ndiyo inalingana." Kisha akapunguza sauti, lakini nilisikia. "Na Virginia ameniambia habari ya kile kiganja. Tukimaliza usikimbilie basi. Chai utaninunulia wewe."

Mutai akarudi mlangoni kwake akiwa na meno yote nje. Akaimba siku hiyo, jamani, hata walinzi wa nje waligeuza shingo.

Mimi nilirudi Najma peke yangu, nikafunga madirisha yote, nikakaanga omena.