Niliandika Kwamba Daktari Ameitwa

Kosa ni langu. Nimejaribu kuulaumu mtambo, nikailaumu kampuni, hata mvua ya siku ile, na kila mara lawama hunirudia. Wacha niseme hapa, ambapo hakuna anayenijua.

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Chuoni wahadhiri walinichoka. Kanisani mama hunikanyaga mguu nisije nikamuuliza mhubiri jambo. Kwa hivyo kampuni moja ndogo hapa Meru mjini iliponiajiri, ilidhani imepata mtu ambaye hadanganyiki.

Tulikuwa tunatengeneza huduma ya wafugaji. Mkulima anaandika ujumbe kwa simu, wakala wa akili bandia anausoma, kisha anaamua mwenyewe atumie zana gani: ya bei za chakula cha ng'ombe, ya ratiba ya chanjo, au ya daktari wa mifugo. Wakala haoni ndani ya zana. Anajua tu maelezo mafupi aliyoandikiwa kuihusu. Niliyeyaandika ni mimi.

Ile ya daktari niliandika hivi: "Huita daktari wa mifugo wakati wa dharura." Basi.

Haikuwa kweli. Zana ile iliweka ombi kwenye foleni, likangoja mtu wa ofisi alisome, ndipo ampigie daktari. Wikendi ofisi ilifungwa. Sote tulijua.

Kendi, tuliyekuwa naye meza moja, aliliona kosa hilo.

"Ongeza hapo kwamba ni foleni tu. Haimwiti mtu."

"Kendi, nani hajui hiyo?"

"Wakala hajui."

"Sasa nimwandikie hadithi ya kumlaza?"

Alicheka, akaniacha.

Niliupima mtambo ule kama polisi. Niliungoja udanganye. Kila jibu nililitilia shaka, isipokuwa sentensi yangu, kwa sababu mwandishi wake nilimwamini.

Kisha nikamwekea Tata huduma hiyo. Tata ndivyo tunavyomwita shangazi yangu wa Kianjokoma. Tangu mumewe afariki, ameishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Nilimwambia, "Tata, ukiwa na shida usihangaike kupigia watu. Andika tu hapa."

Jumamosi moja ng'ombe akaanza kuzaa, ndama akakwama. Tata akaandika. Jibu likaja hapo hapo: daktari ameitwa, tafadhali msubiri.

Jirani yake Nyaga, ambaye amewahi kuvuta ndama wengi, alifika na gambuti miguuni, mikono ya shati imeshakunjwa. Lakini huku kwetu daktari akishaitwa, hakuna mwingine anayeingiza mkono. Akikuta ng'ombe ameguswa, anageuza pikipiki, na siku nyingine ukimwita haji.

"Umemwita kweli?" Nyaga akauliza.

Tata akamwonyesha simu. Nyaga akashusha mikono ya shati, akaenda kusimama chini ya mabati.

Walingoja. Mvua ikazidi. Tata akanipigia.

"Simu imesema daktari ameitwa, mbona hafiki? Nitafute yule wa Embu?"

Nilikuwa harusini Timau, sahani mkononi. Nilijua habari ya foleni. Nilijua ofisi imefungwa. Lakini maneno yale yalipotoka mdomoni mwa Tata, niliyasikia kama habari, si kama sentensi yangu.

"Tata, ukiita wawili watakosana. Kama imesema ameitwa, ameitwa."

Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Mtambo haukudanganya. Ulinisoma, ukaniamini, kisha nami nikauamini.

Giza likiingia ng'ombe aliacha kusukuma. Jumapili baada ya ibada wanaume walimchimbia shimo, yeye na ndama wake ndani. Jumatatu daktari alifika, koti safi, akauliza, "Ng'ombe yuko wapi?" Tata alimwonyesha udongo. Hakunigombeza. Siku hizi nikienda kumwona ananipa chai ya rangi, na hakuna anayetaja maziwa.

Nilirudi ofisini nikaandika upya: "Huweka ombi kwenye foleni. Haimpigii mtu yeyote. Ombi husomwa ofisi ikiwa wazi tu. Usimwambie mkulima kwamba daktari ameitwa. Kama ni dharura, mpe namba ya daktari apige mwenyewe." Dakika chache za kazi. Kisha nikaacha kazi, nikidhani nimemaliza.

Juzi Kendi alinipigia. Kampuni imeuza nakala ya huduma ile kwa watu wanaohudumia kina mama wajawazito upande wa Kiritiri. Walichukua nakala ya zamani.

"Ile sentensi wameibadilisha?" nikauliza.

"Wamefuta maneno mawili tu. Wa mifugo."

Nimewaandikia. Nimewapigia. Nilijibiwa kwamba ombi langu limepokelewa na litashughulikiwa.

Wewe unayeandika maelezo ya zana kama hizi, andika kila moja inachofanya, kisha andika isichofanya, hata kama ofisi nzima inakijua. Anayekusoma hayumo ofisini. Na wewe wa Kiritiri mwenye simu mkononi, ukisoma kwamba daktari ameitwa, usingoje. Mpigie mwenyewe mpaka usikie sauti yake.

Ninaandika haya Jumamosi. Mvua imeanza, na ofisi zao zimefungwa.