Mlango wa Kitambaa cha Kijani

Nyumba hiyo ilikuwa nje ya mji wa Rockville, huko ughaibuni, ya mawe. Tajiri aliyeijenga alitaka ifanane na zile za mashambani Uskochi, kwa babu zake. Mbele kulikuwa kwa wenyewe: ukumbi, ngazi pana, vyumba vya wageni. Nyuma kulikuwa kama nyumba ya pili iliyobandikwa mgongoni mwa ya kwanza: jiko, stoo, chumba cha kufulia, ngazi nyembamba ya watumishi, na kengele zimepangwa ukutani, kila moja na chumba chake. Katikati kulikuwa na mlango mzito uliopigiliwa kitambaa cha kijani, ili kelele za masufuria zisiwafikie wakubwa.

Sikuhitaji kuelezwa. Usichana wangu niliumalizia nikitumika jikoni kwa mzungu wa Uskochi huko Limuru, na mlango kama huo alikuwa nao. Usipoitwa, huvuki.

Binti yangu ndiye aliyeajiriwa kumtunza bibi mwenye nyumba, aliyekuwa ameanza kupotewa na akili. Walikuwa wamemhamishia chumba cha karibu na jiko, asipande ngazi. Januari ya mwaka tisini na nane binti yangu alikazwa na mgongo, akanituma mimi.

"Mama, usimwache hata dakika moja."

Nilimwacha kidogo tu, nikoroge uji. Kurudi, kitanda kitupu.

Nilifungua stoo. Niliinama chini ya meza za kufulia. Nikapanda ngazi nyembamba mpaka juu, nikashuka, nikapanda tena, magoti yakilia. Dirishani naona theluji. Nikampigia binti yangu.

"Umeangalia mbele?"

"Mbele kwa wenyewe? Nani ameniita huko?"

"Mama! Mwenyewe si ndiye unayemtafuta!"

Niliusukuma ule mlango kwa bega. Mlango mkubwa wa nje ulikuwa wazi, naye amesimama kwenye vidato vya mawe na gauni la kulalia, miguu mitupu.

"Umechelewa," akanikaripia. "Wageni wanafika."

"Watangoja. Ingia ndani."

Akagoma. Nikambeba. Nikamkalisha kwenye kiti cha hariri ukumbini, vidole vyake vya miguu, vyeupe kama nta, nikavibana kwapani mwangu. Nikangoja, naogopa kuviangalia. Mwishowe akalia kwamba vinamchoma, nami ndipo nikapumua: damu ilikuwa imerudi.

Jioni, nilipokwisha kupokewa zamu, mwana wa yule bibi alipiga simu kwetu. Binti yangu akaanza kumwambia siku ilikuwa shwari. Nikamnyang'anya simu, nikamweleza mimi mwenyewe yaliyotokea, kwa Kiingereza changu cha jikoni.