Dakika Moja ya Kimya kwa Mzee Fulgensi

Chekeni tu, nimeshazoea, maana siku yenyewe hata mke wangu, aliyeapa kanisani kunivumilia katika shida na raha, alitoka nje ya ukumbi akaenda kuchekea nyuma ya tangi la maji, nami nikawa namsikia vizuri kabisa kupitia dirishani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mnyakyusa, naishi Mbeya, na ugonjwa wangu ni santuri za zamani za nyimbo za asili. Nazitafuta, nazisafisha, nazirekodi upya kwenye kompyuta, kisha rafiki yangu mmoja wa ng'ambo anazitoa tena katika sahani mpya. Ni kazi tamu na yeyote mwenye subira anaiweza, msiogope, anzeni na sanduku la babu lililo chini ya kitanda.

Hii ya mkasa wangu niliipata dukani kwa Bwana Jayanti, muuza vitenge, ambaye alikuwa na boksi la santuri chini ya meza. Ilikuwa sahani ndogo, karatasi ya katikati imebanduka, na juu ya bahasha yake kulikuwa na maneno mawili tu ya penseli: "Fulgensi, Kalenga." Bwana Jayanti akaanza kunisimulia kwamba marehemu baba yake alikuwa fundi wa gramafoni kule Iringa kabla hawajahamia huku, na kwamba alikuwa na kawaida ya kuandika... lakini mimi nikamkatiza, nikaanza kumweleza yeye thamani ya santuri (miaka thelathini kueleza ilikuwa kazi yangu, kusikiliza ilikuwa kazi ya wanafunzi).

Nikarudi nyumbani, nikaiweka kwenye gramafoni, na hapo ndipo lilipo kosa, kwa hiyo nifuateni taratibu. Gramafoni yangu ina kiswichi cha mwendo. Sahani kubwa huzunguka thelathini na tatu kwa dakika, ndogo arobaini na tano. Mimi asubuhi ile nilikuwa nasikiliza sahani kubwa, basi nikaiondoa, nikaweka ile ndogo bila kugusa kiswichi, na ikatoka sauti ya mzee, nzito, ya polepole, ikiimba Kihehe juu ya ligombo (ile zeze pana ya Wahehe yenye nyuzi nyingi) lililokuwa likinguruma kama radi ya mbali. Nikalia. Kihehe sikijui hata cha kuombea maji, lakini niliwaza, haya ni maombolezo, huyu ni Fulgensi wa Kalenga, na amefiwa.

Ningemuuliza Mhehe yeyote, na Mbeya wamejaa. Sikumuuliza hata mmoja, kwa kuogopa habari isivuje mkusanyaji mwingine akaniwahi.

Nikatafuta familia Kalenga, karibu na Iringa, nikaambiwa mzee ameshafariki, nikapata simu ya binti yake, Mama Zita. Nikamuuliza kama marehemu Mzee Fulgensi alikuwa mwanamuziki.

"Ndiyo, baba alikuwa anapiga ligombo," akasema. "Lakini Mwalimu, mama ndiye..."

"Mama tutampa heshima zake zote," nikamwambia, "usiwe na wasiwasi kabisa," nikaendelea kumfafanulia mambo ya santuri mpaka salio likaisha.

Kwa haraka zangu nilikwishatangulia kutengenezesha sahani mia mbili, na bahasha zake za kupendeza zimeandikwa "Maombolezo ya Mzee Fulgensi". Kilichobaki ni saini ya mjane, Bibi Agata, kwamba familia imekubali. Asiposaini, hakuna hata sahani moja itakayotoka. Nikaona nifanye uzinduzi pale Iringa mjini ili bibi asaini mbele ya watu.

Nilivaa suti nyeusi. Ukumbi ulijaa, wazee wa Kihehe mbele na makoti yao mazito (baridi ya Iringa mnaijua), Mchungaji pembeni, na mstari wa kwanza katikati Bibi Agata, mdogo kama kuku wa kienyeji, amefunga kitenge kichwani. Nikamshika mikono yote miwili nikampa pole kwa uchungu mwingi. Akanishukuru akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Nikahutubia. Nikaeleza jinsi sauti inavyobeba msiba, nikaeleza nyuzi zinavyolia pamoja na mwimbaji, kisha nikasema, "Tusimame sote, tuinamishe vichwa, tumpe Mzee Fulgensi dakika moja ya kimya, halafu tumsikilize yeye mwenyewe." Watu wakasimama. Dakika ilipotimia nikashusha sindano, kwenye santuri ile ile ya zamani, kiswichi kikiwa pale pale nilipokizoea.

Sauti ikanguruma. Mchungaji akafumba macho. Wazee wakainama, ingawa niliona wawili wanatazamana. Mabega ya Bibi Agata yakaanza kutetemeka, nikasogea nikampa leso yangu, nikamwambia kwa upole, "Lia tu, bibi, usijizuie."

Akainua uso. Bibi alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Mwalimu," akasema, "huyo ni nani?"

"Ni mumeo, bibi."

"Fulgensi? Fulgensi akiimba kuku walikuwa wanahama nyumba! Huyo ni mimi."

Nikamweleza (Mungu anisamehe, nilimweleza kwa subira) kwamba pengine majonzi yamemchanganya. Mama Zita akasogea mbele: "Si nilitaka kukwambia kwenye simu, Mwalimu, ukawa hunipi nafasi?"

"Sogeza kile kidude cha pembeni," bibi akasema. "Cha mwendo. Kisogeze, mwanangu, usiogope."

Nikakisogeza. Ikatoka sauti ya msichana, nyepesi, inakimbia, na ligombo linaruka chini yake, na wazee wote wakapiga kelele kwa pamoja, kwa kuwa sasa maneno yalisikika sawasawa: mke anamsema mumewe aliyenogewa na ulanzi, ile pombe ya mianzi, akarudi akakuta ugali umepoa. Mzee mmoja akanigeukia: "Nilisikia anataja ugali, nikadhani marehemu alikufa na njaa!" Hapo ndipo mke wangu alipotoka nje. Bibi mmoja akapiga kigelegele, Mchungaji akafungua macho akaanza kupiga makofi, na mimi nikabaki katikati na suti yangu ya msiba.

Lile jina kwenye bahasha? Lilikuwa la mteja. Gramafoni ya Mzee Fulgensi iliharibika, akaipeleka kwa fundi, baba yake Bwana Jayanti, na santuri ikiwa ndani, fundi akaandika jina la mwenyewe kama anavyoandika kwa kila mteja, na kabla haijachukuliwa akahamia Mbeya. Bibi Agata hakuwahi kuisikia tena sauti yake mwenyewe kwenye santuri tangu siku hiyo.

Wimbo ulipokwisha nikamwomba radhi. Nikamwambia sahani zote mia mbili zimetoka na ile sauti ya polepole, kwa hiyo nitazitupa, nitengenezeshe upya kwa jina lake, asisaini leo.

"Rudisha kwanza kile kidude," akasema.

Nikarudisha. Ile sauti nzito ikaanza tena, na safari hii hakucheka sana. "Nikimkasirikia Fulgensi, alikuwa anafanya hivi hivi," akasema. "Anaipunguza mwendo, ananiambia, haya Agata, jisikie ulivyo ukinuna. Mpaka nicheke." Akajifuta kwa leso yangu. "Za jina langu tengeneza, nitasaini. Lakini moja ya hizi nipe mimi."

"Na nyingine, bibi?"

"Funikia ndoo."

Nikamwachia na gramafoni yangu ya pili. Tangu hapo nimeapa: wimbo wa lugha nisiyoijua siuelezi kabla sijamuuliza mwenye lugha, kiswichi nakitazama mara mbili, na mtu akianza kusema "lakini", nafunga mdomo mpaka amalize.

Juzi alinipigia simu. "Mwalimu, santuri ya Fulgensi imeanza kukwaruza, leta nyingine."

Nikataka kumweleza namna ya kuifuta vumbi. Nikanyamaza, nikaenda jikoni, nikaondoa moja juu ya ndoo.