Kazi ya Baba Imo Kikapuni

Nawaandikieni wasomaji wenzangu kwa kuwa ukurasa huu umekubali kunifichia jina, na majina ya wengine humu nimeyabadilisha. Mimi ni msichana wa miaka kumi na mitano, nakaa Mkunazini na bado nasoma, ingawa sijui mpaka lini.

Baba yangu alikuwa karani mkuu wa hesabu katika kampuni moja ya kusafirisha karafuu. Meneja, Mzungu, alimwachisha kazi, kiti chake akampa jirani yetu Bwana Shaabani, baba yake Rukia ninayekaa naye dawati moja. Mtaani wanasema Bwana Shaabani ana ujuzi mmoja tu: kucheka meneja anapofanya mzaha.

Nilidhani baba atamchukia kama ninavyomchukia mimi. Wapi! Kila alasiri Bwana Shaabani huingia kwetu na kikapu cha sokoni, juu mchicha, chini kazi za ofisini. Baba huvaa koti lake la kazini, akaketi ukumbini na kumfanyia zote, huku akimkemea kama mtoto wa chuo cha Kurani. Malipo yake ni ule mchicha.

Rukia sasa ana viatu vipya, na huwaambia wenzetu kuwa baba yake anasifiwa ofisini kwa akili. Nikivitazama viatu vile roho huniuma, Mungu anisamehe. Mimi nimeambiwa muhula ujao nikae ndani nishone kofia, maana ada haipo.

Nilimwomba baba aache. Akanijibu taratibu, "Mwanangu, wameniachisha kazi. Hesabu hawakuniachisha."

Mama akamwambia, "Basi mwambie huyo mwenzio alete japo dagaa. Mchicha mie nshachoka."

Wao walicheka. Mimi sikuweza.

Mke wa meneja huja skuli kutufundisha kushona. Juzi aliniuliza kwa upole hali ya baba. Rukia, ubavuni mwangu, aliacha sindano hewani, uso umemsawijika, nikatambua kuwa siri ya kikapu anaijua.

"Hajambo, Bibi," nikasema, nikainama.

Atakuja tena Alkhamisi. Nikimweleza, huenda baba akarudi kazini nami nikabaki skuli. Lakini hapo Rukia ndiye atakayekaa ndani kushona kofia, na nasema kweli, zipo nyakati nalitamani hilo kuliko hata kusoma. Ndugu zangu, nishaurini: niseme, au ninyamaze?