Msomaji Mmoja wa Mazingara

Bodi ya wachapishaji wa jarida la Nyota ya Bara, baada ya kutafakari kwa kina na kwa kuzingatia hali mpya ya soko huria, ilipenda kuutaarifu umma, mwezi Machi mwaka 2001, mambo mawili. La kwanza, utafiti wa kitaalamu ulikuwa umethibitisha kuwa wasomaji wa vijijini ni wachache mno kuweza kubeba gharama za karatasi. Kwa mfano, kata nzima ya Mazingara, wilayani Handeni, ilikuwa na msomaji mmoja. La pili, jarida halifi. Linahamia kwenye mtandao wa kompyuta, ambako kuanzia sasa litamfikia kila mtu, popote alipo.

Utafiti huo ulifanywa na Profesa Ikram Hiza, mwalimu wa uandishi wa habari jijini Dar es Salaam, mzaliwa wa Mazingara. Msomaji huyo mmoja alikuwa baba yake.

Mzee Abdi Hiza alilima mahindi na michungwa michache, na kwa miaka thelathini na minne alifanya pia kazi ambayo haina jina kwenye vitabu vya binti yake. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi basi lilimshushia bahasha yenye nakala moja ya Nyota ya Bara. Hakuifungua. Kuifungua peke yake kungekuwa sawa na kula chakula mlango ukiwa umefungwa. Aliibeba vilevile hadi kwenye mashine ya kusaga ya Semboja, na Semboja, ambaye hakuwahi kuzima injini kwa ajili ya diwani yeyote, alizima injini. Ukipita ukakuta madebe ya mahindi yamepangwa foleni na mashine iko kimya, ulijua gazeti limefika.

Mzee aliichana bahasha mbele ya watu wote, akavaa miwani, akaanza na jalada. Alisoma kila kilichoandikwa: bei za mnada, ugonjwa wa mihogo, barua za wasomaji, mpaka jina la mpiga chapa.

"Rudia hapo pa ng'ombe," alikuwa akisema Keriako, mfugaji aliyetembea saa tatu kutoka mbugani kuja kusikia bei.

"Nimesharudia mara mbili, Keriako."

"Mara zote mbili umesoma bei ileile. Jaribu nyingine."

Watu walicheka. Zamda, dada yake mzee, alidai mapishi yasomwe mapema, kabla wanaume hawajaanza kubishana juu ya mbolea. Ikram alijifunzia kusoma hapohapo, akiwa amekaa juu ya gunia la pumba, akifuata kidole cha baba yake.

Alipokwenda kusomea udaktari wa falsafa Marekani, alikuta vitabu vinene juu ya wasomaji wa majarida ambamo mtu mweusi alionekana kwenye majedwali tu, tena safu ya mwisho. Alikasirika kitaalamu, yaani kwa kurasa mia tatu na kumi. Aliandika kwamba kwa watu weusi, iwe kwa kinyozi wa Chicago au kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, jarida si karatasi bali ni mkusanyiko, na anayehesabu nakala badala ya watu hahesabu kitu. Sura ya nne yote ilikuwa baba yake, ingawa humo aliitwa Mtoa Taarifa wa Saba. Kwa sura hiyo Ikram alipata shahada, na baadaye uprofesa.

Kisha ruzuku ikakatwa. Ushirika uliokuwa ukilipia uchapaji ukafa, na magazeti mapya ya mjini yakajaa mitaani yakiwa na picha za rangi. Bodi ikataka kujua kama Nyota ya Bara lina wasomaji wa kutosha, na ikamwomba Profesa Hiza awahesabu. Wafadhili wa utafiti wakaleta fomu yao iliyokwisha kutumika katika nchi kumi na moja: fomu moja, jina moja, sahihi moja.

Ikram aliliona kosa la fomu ile siku ya kwanza. Alikuwa pia na mitihani ya kusahihisha, na safari ya kwenda mkutanoni Ulaya kuzungumzia hadhira ya watu weusi katika enzi ya vyombo vipya vya habari, ambako angewasomea sura ya nne. Akatuma wanafunzi wawili Mazingara na fomu sitini. Alijiambia kuwa baba ataelewa.

Baba alielewa. Wanafunzi walifika Ijumaa, mashine ikazimwa. Mzee Abdi akayasoma maswali yote kwa sauti, na watu wakajadili kila jibu mpaka wakakubaliana, kama wanavyofanya kila shauri linapofika: wanasema wote, anajibu mkubwa mmoja. Kisha akajaza fomu moja, kwa mwandiko wa shule ya zamani, akatia sahihi.

"Na hizi hamsini na tisa, babu?" waliuliza wanafunzi.

"Zirudisheni safi. Karatasi ni ghali, ndiyo maana mwanangu anahangaika. Tusimtie hasara."

Wanafunzi walikuwa wamelelewa vizuri. Hawakubishana na mzee. Walikunywa uji, wakashukuru, wakapanda basi.

Penye nafasi ya maoni, Mzee Abdi alikuwa ameandika: Tunalipenda wote. Ikram aliyasoma maneno hayo zikiwa zimebaki siku mbili ripoti itakiwe. Safari ya kwenda Mazingara na kurudi ingemaliza siku tatu. Akaandika tanbihi ya mistari kumi na mmoja kueleza desturi ya kwao. Bodi ilisoma jedwali.

Mwezi Mei alikwenda nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Profesa. Gazeti lina miezi miwili halijafika. Au ile fomu yangu haikusaidia?"

"Ilisaidia, baba. Siku hizi linasomwa kwenye kompyuta."

"Iliyoko wapi?"

"Ya karibu iko Korogwe."

Mzee akavaa kanzu ya Ijumaa. Korogwe, nyuma ya stendi, palikuwa na chumba chenye kompyuta nne, na vijana watatu wakisoma habari za mpira. Ikram alipotaka kuufungua ukurasa, baba yake alimzuia mkono. Aligeuka, akawatazama vijana, kila mmoja na kioo chake.

"Hawa hawasikilizi?"

"Kila mtu anasoma lake, baba."

"Haya. Fungua."

Akasoma kwa sauti ya kwenye mashine, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Kijana mmoja akamwambia, "Babu, soma kimoyomoyo." Mzee akaomba radhi, akaendelea vilevile. Ukurasa wa kwanza ulikuwa taarifa ya bodi. Alipofika kwenye "msomaji mmoja" alisimama, akarudia mstari bila kuombwa na Keriako.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na Keriako?"

"Hakujaza fomu."

"Semboja? Zamda?"

"Hawakujaza, baba."

"Nilijaza mimi."

Ikram alikuwa na miaka kumi na minne ya kufundisha watu namna ya kuuliza na kujibu. Neno lililotakiwa hapo alikuwa nalo, tena fupi: kosa ni langu. Alisema muda wa kompyuta unakaribia kwisha.

Wiki tatu zilizofuata Mzee Abdi alizipitisha nyumba kwa nyumba, akiomba radhi. Kwa Keriako alitembea saa tatu.

"Nimekufuta, ndugu yangu. Wewe na wote."

"Nipo hapa, nakuona unakunywa maziwa yangu. Nimefutwa wapi?"

"Kwenye karatasi."

"Aa. Huko sijawahi kuwepo."

Hayo Ikram alihadithiwa na shangazi Zamda. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, kwa miezi mitatu, Semboja alizima injini kwa mazoea, watu wakakaa, wakatazamana. Ya nne aliiacha ikanguruma. Mzee Abdi hakusoma tena kwa sauti, hata barua.

Kila likizo Ikram alifika Mazingara na lile neno likiwa tayari mdomoni, na kila likizo wakazungumzia michungwa. Mwaka 2003 mtandao wa Nyota ya Bara ulinyamaza bila taarifa kwa umma. Mwaka uliofuata, siku ya Jumanne, Mzee Abdi alifariki. Ikram alikuwa mkutanoni. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa.

Siku ya hitima Semboja alizima injini toka asubuhi. Ikram alikaa uani na wanawake, akichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. Zamda ndiye aliyesimamia chakula, akihesabu kwa sauti asije akapoteza hesabu. Alipakua sinia sitini na moja, watu watano kila sinia, na Keriako na wenzake wa mbugani walikuwa bado wako njiani.