Difu ya Hilux kwenye Land Cruiser ya Selestine

Ukimuuliza mtu wa Kibaoni ni fundi gani usimpelekee gari, atakutajia Selestine. Ukimuuliza Selestine mwenyewe, naye atamtaja Selestine, tena kwa kujigamba, kisha atakuvutia kigoda akueleze kwa nini.

Miaka kumi na tisa aliishi na Pudensiana bila ndoa ya kanisani. Si kwamba hakutaka. Kilichomponza ni mdomo. Siku aliyomchukua kwao Kasansa alijiapiza mbele ya wakwe kwamba binti yao atakwenda kufunga ndoa kwenye gari la mumewe. Gari lenyewe, Land Cruiser pikapu kuukuu, lilikuwa limelala juu ya mawe uani. Injini ikipona, giaboksi inakufa. Watoto wanne wakazaliwa, Hana wa kwanza akaingia sekondari, na Selestine bado yuko uvunguni. Pudensiana akileta ugali, yeye kule chini anaona miguu tu. "Weka hapo, Mama Hana," anasema, na miguu inaondoka.

Mwaka huu Padri akatangaza kwamba Jumamosi moja atakuja kigangoni kuwafungisha ndoa wote wanaoishi hivyo hivyo, na akimaliza anakwenda kigango kingine. Pudensiana akaandikisha majina yao, akaja kusimama kando ya gari.

"Baba Hana, Jumamosi hiyo ikipita bila ndoa, narudi kwetu. Na gari uliloahidi ndilo nitakalopanda. Nimechoka kuchekwa."

Miguu haikuondoka mpaka alipojibu ndiyo.

Kilichobaki kibovu kilikuwa difu ya nyuma, yaani ekseli nzima na kile kibuyu cha katikati kinachozungusha magurudumu. Meno yalikuwa yameliwa. Ya Land Cruiser aliitafuta Mpanda nzima akaikosa. Lakini jirani yake Manyanda, mfugaji wa Kisukuma, alikuwa na Hilux iliyopinduka, difu yake nzima.

"Chukua," Manyanda akamwambia. "Ila hii ni ya Hilux. Itaelewana na Land Cruiser?"

"Manyanda, wewe jua ng'ombe."

Sasa, springi za Hilux ile zilipita juu ya ekseli. Za Land Cruiser yake zilipita chini. Vile vikalio vya springi, vibati vilivyochomelewa kwenye ekseli ili springi zikae, vikawa upande usiotakiwa. Fundi mwenye akili angevikata akavichomelea upande wa pili. Selestine akajifanya mjanja kuliko wenye akili: akaipindua difu nzima, chini ikawa juu. Lo, ikakaa vizuri! Akawasha gari likiwa juu ya mawe, akatia gia, magurudumu yakazunguka. Yanazungukia wapi, hakuangalia. Akaenda kuoga huku anapiga mluzi.

Jumamosi asubuhi Pudensiana akapanda, gauni jeupe, kapendeza kweli. Majirani wakajaa uani. Selestine akatia gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma likabomoa banda la kuku. Akadhani amekosea, akatia ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi, likaufuata mgomba.

Manyanda akashika kiuno. "Uliniambia nijue ng'ombe. Basi ng'ombe wangu wanakwenda mbele."

Ndipo akili ikamjia Selestine, imechelewa kama kawaida yake. Ukiipindua difu, umegeuza mwendo wote. Gia zake zote za mbele sasa zilikuwa za kurudi nyuma, na rivasi peke yake ndiyo ya kwenda mbele. Akatia rivasi. Gari likatoka hadi barabarani likilia uuu, na kuku waliokosa banda wakalipita.

Simu ikaita. Ni Telesphor, katekista. "Nyie mko wapi? Padri anahubiri. Akimaliza anaita majina!"

Selestine akazima gari. Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka machozi yakamlenga. "Mama Hana, nimekuaibisha. Kwa mwendo huu wa rivasi hatuwahi. Panda bodaboda."

"Nikafunge ndoa na bodaboda?" Pudensiana akajifunga mtandio vizuri. "Gia zilizobaki si zinakwenda nyuma? Geuza gari. Tutakwenda nyuma."

Wakaenda nyuma. Selestine alikanyaga mafuta, shingo ameipinda kushoto, anatazama njia kupitia kioo cha nyuma. Na hapo hapo kushoto, karibu kabisa, ulikuwa uso wa Pudensiana, naye amegeuka, anaelekeza: "Shimo! Mbuzi! Nyoosha!" Alikuwa na mvi mbili juu ya sikio. Zimeota lini? Alikuwa anacheka, na akicheka shavu moja linabonyea. Hata hilo Selestine alikuwa amelisahau.

Waliingia kigangoni mkia mbele, kwaya ikasahau wimbo. Majina yao yalikuwa ya mwisho. Wakasimama mbele ya Padri, bibi harusi kushoto. Selestine akataka kutazama altare. Shingo ikagoma. Imekaza kule kule kushoto.

"Selestine," Padri akasema, "nitazame mimi kwanza."

"Padri, shingo imekataa."

Watu wakaangua kicheko. Pudensiana hakucheka.

"Mwache hivyo hivyo, Padri," akasema. "Nimemsubiri aniangalie miaka kumi na tisa."